Chungu Kisichochovywa

"Bibi, mbona uliendelea kupeleka chungu chako kila Jumapili, na watu walikuwa hawachovyi?"

Aliyeuliza ni Edilza, mjukuu wa Jovina kwa mwanawe wa kwanza, siku hizo bado ana mapengo mdomoni. Walikuwa bandani wanakuna muhogo. Bibi Jovina hakuinua hata jicho.

"Ulikuwepo?"

"Hapana."

"Sasa mbona unaniuliza kama mtu aliyekuwepo? Kuna muhogo pale haujamenywa."

Mtoto akaenda kumenya. Kosa lake alilijua palepale, kwa sababu kando ya mto Uaupés kila mtoto hulifanya na kila mtoto hukaripiwa. Huko kitenzi hakitoki mdomoni kikiwa uchi. Lazima kiwe na mkia, na mkia ndio unaosema habari umeitoa wapi: umeiona kwa macho, umeisikia kwa masikio, umeikisia kwa alama ulizozikuta, au umesimuliwa. Huwezi kusema tu kwamba mbwa amekula samaki. Ijulikane kama ulimwona akila, au ulisikia mifupa ikivunjika, au ulikuta miiba na mbwa anajiramba, au jirani alikwambia. Kati ya makabila ya huko, Watukano wana mikia yao, Wakotiria wana yao, Wadesana nao wana yao. Na kwa kuwa watu wa lugha moja ni ndugu na hawaoani, kila jiko lina lugha mbili au tatu zinazopigana vikumbo juu ya moto mmoja. Anayetia mkia wa macho kwenye jambo ambalo hakuliona huitwa mwongo. Akizoea, huitwa mchawi, maana ni nani mwingine anayeona yasiyoonekana?

Edilza alikuwa ameuliza kwa mkia wa macho. Kwa hiyo akamenya muhogo, na jibu hakulipata.

Jovina alifika Santa Rufina, kijiji cha Watukano, akiwa bi harusi wa Kikotiria kutoka juu ya maporomoko. Alishuka kwenye mtumbwi amepakata kikapu, na ndani ya kikapu mna miche ya pilipili ya mama yake imefungwa kwa majani mabichi. Mume wake, Nazareno, alikuwa mpole na hodari wa kusuka vifumbu vya kukamulia muhogo, virefu kama chatu. Mama mkwe alikuwa Balbina, Mdesana, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Siku ya kwanza kuonja mchuzi wa mkwewe, Balbina alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akasema kwa Kidesana kwamba pilipili hii inamuua samaki mara ya pili. Jovina akamjibu kwa Kikotiria kwamba samaki wa huku chini ni wavivu, mara moja haiwatoshi.

Basi wakaishi hivyo. Mama mkwe Kidesana, mke Kikotiria, mume Kitukano, na kila mmoja akiwaelewa wenzake mpaka matusi. Wanawake wengine walioolewa pale walikuwa wamehamia Kitukano kidogo kidogo ili mambo yawe rahisi. Walipomshauri Jovina naye ahame, alisema Kitukano anakisikia vizuri kabisa, lakini kusema, kila mtu aseme cha baba yake. Kasuku ndiye asiye na baba.

Sasa injini. Santa Rufina walikuwa na injini moja ya mtumbwi, ya watu wote, iliyopatikana kwa unga wa muhogo wa kila nyumba, magunia kwa magunia, misimu kadhaa. Wagonjwa walishuka nayo, chumvi ilipanda nayo. Asubuhi moja ya ukungu watu wakaamka, injini haipo dikoni. Mtumbwi upo, kamba ipo, injini haipo.

Mtu pekee aliyekuwa dikoni alfajiri ile ni Jovina. Alikuwa ameinama majini anatoa muhogo aliouloweka. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba vidole vyake mwenyewe alivijua kwa kuvigusa. Akasikia kitu kizito kikiburuzwa juu ya mawe. Akasikia kasia likigonga ubao. Akasikia mtu akikohoa. Alipoulizwa, alisema hayo matatu na kila moja akalitia mkia wa masikio, hakuongeza la nne.

Lakini kikohozi kilitosha. Juu kidogo ya kijiji, kwenye kijito chenye samaki wengi, alikaa Ponciano na familia yake. Hao ni Wahupda, watu wa msituni, ambao huwaletea watu wa mtoni nyama na vikapu na kupewa mikate ya muhogo, na ambao hulaumiwa kila kitu kinapopotea. Ponciano alikuwa na kifua. Kikohozi chake watoto walikiigiza.

Mkuu wa kijiji, Laureano, kaka mkubwa wa Nazareno, alikuja bandani kwa Jovina, akaketi kwenye kigoda, akakubali kibuyu cha pombe ya muhogo. Akamuuliza amesikia kikohozi cha nani.

"Nimesikia kikohozi, shemeji."

"Cha Ponciano."

"Vikohozi havina majina."

Laureano akacheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Kisha akaacha kucheka. Injini ilimuuma kweli, yeye ndiye aliyewashawishi watu watoe unga. Na kijito kile pia kilimuuma, maana babu yake alikuwa akitega samaki pale, na hakuna mwaka uliopita bila yeye kusema Wahupda warudi msituni kwao. Akamweleza Jovina mpango taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto. Afisa wa polisi anapanda kutoka mjini. Asipopata aliyeona, atarudi mikono mitupu. Akimpata, Ponciano atachukuliwa na familia itaondoka.

"Afisa huyo hajui Kitukano wala Kikotiria," Laureano alisema. "Utasema naye Kireno. Na Kireno hakina mkia, shemeji. Unasema tu Ponciano alichukua injini, umemaliza. Hakiulizi umejuaje. Hapo utakuwa umedanganya nini?"

"Yeye atafikiri niliona."

"Hayo ni mawazo yake."

"Na mdomo ni wangu. Ongeza pombe, shemeji, halafu uende, nina moto wa kuangalia."

Kabla afisa hajafika, alikuja mwingine. Ponciano mwenyewe alitokea nyuma ya banda na paja la nyama iliyokaushwa kwa moshi, akaliweka juu ya majani ya migomba. Alizungumza Kitukano cha kuvunjikavunjika, macho chini. Alitaka Jovina amwambie afisa kwamba alfajiri ile alimwona, yeye Ponciano, yuko kwake kijitoni.

Jovina aliitazama nyama. Ilikuwa nzuri, na watoto wake wawili walikuwa wamekwisha kuisogelea.

"Sikukuona kwako."

"Lakini mama, wewe unajua si mimi."

"Sijui. Sikukuona dikoni, sikukuona kwako. Chukua nyama yako."

Ponciano akainua paja lake. Alisema watu wa mtoni ni wamoja wote, akakohoa, akaingia msituni. Jovina alikisikia kikohozi kile kikienda mpaka kikafifia. Kama alikifananisha na kile cha dikoni, hakumwambia mtu.

Afisa alikaa barazani pa shule, viatu vyake vimelowa. Kijiji kizima kilisimama kando. Jovina aliitwa, akasimama mbele yake na shati la mumewe juu ya gauni, na Laureano nyuma ya bega lake. Kireno chake kilikuwa cha kufunzwa na masista wa shule ya bweni, kidogo lakini kimenyooka. Akasema: alisikia kitu kinaburuzwa, alisikia kasia, alisikia mtu anakohoa. Kuona, hakuona. Laureano akamnong'oneza kwa Kitukano kwamba Kireno hakimlazimishi kusema hilo la mwisho. Akajibu kwa Kikotiria, kwa sauti ya kusikika mpaka dikoni.

"Lugha ikibadilika, shemeji, macho hayabadiliki. Ni haya haya, na hayakuona."

Afisa akauliza amesema nini. Hakuna aliyemtafsiria. Akamuuliza tena kama alimwona mtu, akaambiwa hapana. Alishusha pumzi, akasema amepanda maporomoko yote yale kufuata kikohozi, akaomba apewe samaki wa njiani. Akashuka bila mtu.

Jumapili iliyofuata ndipo adhabu ilipoanza. Hakuna aliyeitangaza.

Jumapili Santa Rufina huwa hivi. Sala ikiisha, chuma hugongwa, na kila mwanamke huingia nyumba ya jumuiya na chungu chake cha mchuzi wa samaki na pilipili na mikate yake ya muhogo. Vyungu hupangwa safu moja katikati. Wanaume hutangulia, mkuu akiwa wa kwanza, kisha wanawake, kisha watoto. Kila mtu humega mkate, huchovya chungu cha kwanza, hula, huchovya cha pili, mpaka mwisho wa safu. Hakirukwi chungu hata kimoja. Hata mwenye mchuzi wa maji tupu huchovywa, na watu husema asante na kutembea haraka kidogo kwenda kwenye kinachofuata.

Siku ile Laureano alimega mkate, akachovya chungu cha mkewe, akachovya cha mama yake, akafika kwa Jovina, akainua mguu na kupita. Aliyemfuata akapita. Na aliyemfuata. Safu nzima ikawa inaruka pale kama watu wanaoruka dimbwi. Nazareno naye alifika, mkate mkononi. Alisimama muda wa kumeza mate. Akapita.

Jovina aliketi na wanawake, mgongo wima. Chakula kilipoisha alikiinua chungu chake kimejaa, akakitia kichwani, akatoka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na njia ya kwenda kwake isiyoonekana na watu. Akaiacha. Akakata katikati ya uwanja, polepole, mchuzi usimwagike.

Nyumbani Nazareno alimsihi kwamba Jumapili ijayo akae tu, aseme anaumwa.

"Ninaumwa nini?"

"Chochote. Tunaaibika, Jovina."

"Unayeaibika ni wewe. Mimi nimebeba chungu tu." Akampakulia. "Na huu je, utauruka, au hapa kwa kuwa kaka yako haoni utachovya?"

Nazareno akachovya, masikio yamemwiva. Alikula wote.

Jumapili ya pili akapeleka. Wakaruka. Ya tatu akapeleka, safari hii na samaki mkubwa zaidi, kichwa kimechomoza juu ya mchuzi na mdomo wazi kama kinawacheka. Wakaruka. Wanawake wakaacha kumwita kwenye kazi ya pamoja ya mashamba, basi akalima peke yake, na jioni akapita mbele ya nyumba zao na mzigo wake akiwasalimu mmoja mmoja kwa majina. Wengine waliitika kabla hawajakumbuka kwamba hawaitiki. Balbina alisogeza chungu chake mbali na cha mkwewe, akasema kwa Kidesana, wote wasikie, kwamba mwanawe ameoa jiwe.

"Mafiga ni mawe, mama," Jovina akamwambia. "Chako umekipikia juu ya nini?"

Balbina aligeuza uso ukutani. Waliokuwa karibu wanasema aliugeuza ili wasimwone anacheka, lakini hilo walilisema kwa mkia wa kukisia.

Wapo waliomwendea kwa wema. Walimwambia hahitaji kusema aliona, aseme tu kwamba yeye mwenyewe anaamini ni Ponciano, basi yaishe. Aliwajibu kwamba anachoamini ni mali yake, hakipikwi Jumapili. Usiku ulipoingia na watoto wamelala, kuna nyakati alilia kwa lugha ya baba yake. Hilo Nazareno alilisikia. Asubuhi alikwenda kumkatia kuni bila kuambiwa, lakini Jumapili ilipofika aliruka kama wengine.

Mvua zikaja. Mto ukapanda mpaka kwenye ngazi za shule, na maporomoko ya chini yakawa yananguruma mchana kutwa. Msimu huo hakuna anayeshuka kwa kasia ila mwenye sababu ya kufa.

Asubuhi moja wanawake walikuwa wanatoka shambani kwa safu, Jovina nyuma kabisa, mbali na wenzake kama ilivyokuwa desturi yao mpya. Katikati ya safu alikuwa Zulmira, binti wa mwisho wa Laureano, amebeba miche. Akapiga kelele moja, akakaa chini, ameshika kifundo cha mguu. Walipofika kijijini naye mgongoni, kila mdomo ulikuwa na nyoka wake. Mmoja alisema ni yule mwenye kichwa cha mkuki. Mwingine alisema ni yule wa majani makavu anayefanana naye, asiye na sumu. Mganga mzee, aliyekwisha kuanza kuyapulizia maji dua, aliwasikiliza na kuwasikiliza, na kila mkia ulikuwa wa kusimuliwa au wa kukisia. Nyoka alikuwa ameingia majanini. Kwa redio ya upepo mhudumu wa kituo cha afya alisema dawa anayo, lakini boti yake haiwezi kupanda maporomoko. Wao ndio washuke. Laureano alisimama kati ya mto na mtoto. Kama si nyoka wa sumu, atakuwa amemzamisha binti yake na wapiga kasia wanne bure. Kama ndiye, kila pumzi ilikuwa inapotea.

Jovina akaweka mzigo wake chini.

"Ni wa kichwa cha mkuki," alisema. "Nimemwona."

Alisema kwa Kikotiria, na mkia ulikuwa wa macho. Alikuwa nyuma, nyoka alivuka njia kurudi upande wake, naye Jovina akamtazama kichwa mpaka mkia.

Laureano hakumuuliza mara ya pili. Watu walikuja kulizungumza hilo zaidi ya yote. Hakusema una hakika, hakumtazama mganga, hakutazama mtu. Aligeuka akaita makasia, na kabla maji ya dua hayajapoa mtumbwi ulikuwa unaingia kwenye mkondo, yeye mwenyewe mbele. Nazareno alishika kasia la nyuma.

Walipita maporomoko. Mguu ulikuwa umevimba mpaka pajani walipofika, na dawa ikafanya kazi yake. Zulmira leo ana watoto watatu na anachechemea kidogo mvua zikikaribia.

Jumapili waliporudi, chuma kikagongwa. Jovina akaingia na chungu chake, akakiweka penye nafasi yake, akaenda kuketi. Laureano akamega mkate. Akachovya cha mkewe. Akachovya cha mama yake. Akafika. Alijua, na kila mtu alijua, kwamba mtu hawezi kuliweka tumboni mwa mtumbwi neno la mwanamke pamoja na mwanawe mwenyewe, kisha Jumapili aliruke kama dimbwi. Akainama, akachovya, akatafuna muda mrefu.

"Pilipili imepungua," alisema.

"Ni ile ile, shemeji. Ulimi wako ndio umesahau."

Safu ikachovya. Nazareno alichovya mara mbili, jambo ambalo ni tabia mbaya. Balbina, aliyekuja mwishoni na kipande cha mwisho cha mkate, alifuta chungu mpaka kikang'aa, akakohoa, machozi yakamtoka, na akasema hivi ndivyo anavyokumbuka: inamuua samaki mara ya pili.

Laureano hakuomba radhi, si siku ile wala nyingine. Injini haikupatikana. Wengine husema ilikuwa Ponciano, wengine husema mto wenyewe, na wote husema kwa mkia wa kusimuliwa. Wahupda bado wako kijitoni. Ponciano amezeeka, kikohozi kimemganda kifuani, na akikutana na Jovina njiani hamsalimu. Jovina humsalimu.

Miaka ikapita, Edilza akaota meno, akapelekwa shule ya mjini, akawa anarudi likizo tu. Likizo moja, akiwa msichana mkubwa sasa, aliruhusiwa kupika chungu chake mwenyewe cha kwanza cha Jumapili, kwa pilipili za bibi yake. Wiki hiyohiyo shangazi zake walikuwa wanataka kumwaibisha binamu yake Leidiane, eti yuko na kijana wa Kitukano, mtu wa lugha yake mwenyewe, kaka yake kabisa kwa desturi. Walimtaka Edilza aseme aliwaona nyuma ya shule. Edilza alikuwa amesikia vicheko nyuma ya shule. Alisema amesikia vicheko. Walimbembeleza, walimtishia, akasema tena vicheko.

Jumapili shangazi wakaongoza, na chungu chake cha kwanza kikarukwa.

Alirudi nacho kwa njia ya nyuma. Bibi Jovina alikuwa ameketi kando ya moto, macho yake yameanza kuingia ukungu kama wa alfajiri ile, lakini alisikia jinsi mjukuu alivyokitua chungu, kwa uzito, akajua. Akaingiza kidole kwenye mchuzi, akakuta umejaa mpaka ukingoni. Edilza akasema likizo hii hapiki tena, Jumapili ijayo atakaa nyumbani, waimalize mikate yao wenyewe. Kisha swali la utotoni likarudi. Safari hii alilivalisha mkia wake.

"Bibi, wewe nimeambiwa ulirukwa miezi na miezi. Nimeambiwa hukukosa hata Jumapili moja. Kwa nini ulikuwa unakwenda nacho tena?"

Jovina alilamba kidole, akaonja, akaitikia kwa kichwa kwamba chumvi ni sawa.

"Ningekiacha nyumbani, wangesimuliana kwamba Jovina siku hizi hapiki. Hadithi ingekuwa yao. Mimi nilitaka kila anayenikataa anikatae kwa macho yake mwenyewe, chungu kiko mbele yake, kinafuka. Na wewe Jumapili usipite nyuma. Pita uwanjani."